Bendi iliyokatwa msumeno: Orchard Clerks, boksi langu la Liuhua na wimbo wa kumi

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wa rika langu mambo vipi.

Nina hasira tangu Jumatatu, na nimeona nisipoimwaga hapa nitammwagia mteja wa watu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Guangzhou, na shahidi ninaye. Atakayesema ni chai alete na andazi, nitakunywa huku namsimulia.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka atasimuliwa na mwenzake.

Kwanza mnijue. Mimi ni binti wa Tanga, nimeishia form four, na matokeo yangu tusiyafukue. Huu ni mwaka wa tatu nipo Xiaobei. Kwa wasiopajua, hapo ndipo Waafrika wengi tunapofanyia biashara: maghorofa ya jumla, hoteli za bei chee, wauza wali wetu, na ofisi za cargo kila korido.

Nipo kwenye ofisi mojawapo ya cargo. Napokea maboksi ya wateja, napima CBM, yaani ujazo wa kila boksi, naandika shipping mark, alama ya mwenye mzigo, kwa marker pen, naandaa packing list, orodha ya vilivyomo. Kwa kifupi mimi ni karani.

Ndoto yangu ni kuwa na kipindi cha redio kule Tanga, Jumamosi asubuhi, napiga nyimbo ambazo hakuna anayezipiga. Bosi wangu, Mzee Shaibu, mtu wa Unguja, huwa anasema mimi nina redio kichwani ila sina mitambo. Ananicheka lakini ni mtu mwema. Nasema mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya.

Sasa twende.

Siku moja nilitumwa Liuhua, kule karibu na stesheni ya treni kwenye masoko ya viatu, kumfuata laoban mmoja, yaani mwenye duka, aliyekuwa anatukwepa na sandali za mteja. Nilimkuta. Akanijibu "mei you, mei you", yaani hakuna, hakuna, huku amekalia boksi la sandali zenyewe.

Natoka pale na hasira zangu, mvua ikashuka ile ya Guangzhou isiyo na aibu. Nikakimbilia chini ya ardhi, kwenye vibanda vya kamba za viatu na bakli za mikanda.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha mama mmoja mtu mzima. Huku tunawaita ayi, kama sisi tunavyosema shangazi. Nyuma ya kamba za viatu ameweka maboksi ya CD.

Nikachukua moja. Ina pengo. Imekatwa ukingoni, kava na CD yenyewe, kama mtu kaing'ata. Nikachukua nyingine, pengo mahali palepale. Na nyingine. Zote.

Kichina changu ni cha maboksi na bei, lakini ayi aliongea taratibu nikamuelewa. Miaka ya tisini, kampuni za muziki za Ulaya na Marekani zilikuwa na CD zisizonunuliwa. Badala ya kuzigawa, wanazipanga rundo, wanazipitisha msumeno ili zisiuzike tena, halafu wanazileta China kwenye makontena kama takataka za plastiki, ziyeyushwe.

Mume wake alikuwa anakwenda kuziokota humo kwenye takataka. Kijana wa wakati ule, hana kitu, anachambua zile ambazo pengo halijaingia sana, anawauzia wenzake. Wachina wengi wa umri wake wamejulia muziki wa nje kwenye CD za mapengo. Mume amefariki mwaka jana. Kibanda kinafungwa mwisho wa mwezi.

Wakuu, hapo tayari nilishaanza kuchemka. Hivi mtu unatengeneza wimbo, unaweka fidla, unaweka roho yako, halafu mtu wa stoo anaukata na msumeno kama mbao?

Nikainunua moja kwa sababu ya picha. Vijana watano wamevaa makoti ya ofisini na kola za lesi, wamesimama katikati ya shamba la kabichi, mmoja kakumbatia fidla kubwa ile ya kukaa nayo chini. Wote wamenuna isipokuwa mmoja. Jina la bendi, The Orchard Clerks. Yaani makarani wa shamba la matunda.

Makarani. Ningewaachaje?

Ayi akanipa na kicheza CD cha zamani cha kubeba mkononi, akasema mwenye nacho hakihitaji tena.

Nilisikiliza kwa mara ya kwanza kwenye treni ya chini kwa chini. Wimbo wa kwanza ukaanza na mlio kama wa kanuni, ile ya taarab, ya kulazwa mapajani na kudonolewa nyuzi. Nikashtuka. Nikatoa CD kuangalia kama ayi kanibambikia kitu cha Tanga. Nikarudisha. Zikaingia fidla nne zinajibizana kama mashoga wa baraza moja wanaorushiana maneno kistaarabu. Halafu sauti ya kijana, haipigi kelele, inaimba kama anakuomba radhi kwa kukusumbua.

Nikapitiliza kituo.

Nikampelekea Papa Dieudonné asikie. Huyu ni mteja wetu wa Lubumbashi, ananunua vitenge na vyombo vya muziki vya kanisa, na yeye mwenyewe hupiga kinanda kwenye kwaya. Nikamwambia Wazungu wameiba kanuni yetu. Akasikiliza amefumba macho, akacheka.

"Ile haiko kanuni, ma fille. Ile ni clavecin. Zamani bafalme ba Ulaya balikuwa banasikilizaka ile kisha kula."

Akanifafanulia. Clavecin ni kinanda cha zamani, ukibonyeza kinadonoa nyuzi ndani. Miaka ya sitini vijana wa magitaa walichoka magitaa matupu, wakaenda kuchukua vyombo vya kwenye makasri na makanisa ya zamani wakaviweka kwenye pop. Kwenye kikaratasi cha CD wameandika baroque pop. Wale waliotajirika tunawajua. Hawa makarani hawakutajirika.

Kikaratasi kina aya mbili tu. Walikuwa makarani wa kweli, ofisi moja, mji mdogo wa Uingereza. Wakatoa album moja, haikununuliwa, wakarudi ofisini. Miaka ya tisini kampuni nyingine ikaitoa kwenye CD, haikununuliwa tena, ikapigwa msumeno.

Wametupwa mara mbili. Namba hiyo ishikeni.

Kabla hamjanijazia maoni ya "katafute mtandaoni", nimetafuta mpaka bando likaniaga. Nimekuta nyimbo mbili, moja imetazamwa na watu wachache kuliko wanaosoma tangazo la mwenye nyumba wangu. Album nzima, nyimbo zote kumi, hakuna.

Sasa shida iliyoniweka roho juu ni hii.

Album nzima ni hadithi. Kuna ofisi, na kuna dada anaitwa Margaret, kiti chake kipo dirishani. Wimbo wa pili anakuja kila asubuhi na koti lake la mvua. Wimbo wa tatu hajaja. Wa tano wanaulizana nani alimuona mara ya mwisho, na kila mmoja anaona aibu kwamba hakuwahi kumuuliza anakaa wapi. Wa saba mtu kaweka chungu cha maua kwenye kiti chake, wengine wakakasirika. Wa tisa ofisi inahama.

Wimbo wa kumi unaitwa "A Chair for Margaret". Kiti cha Margaret.

Na wimbo wa kumi hauchezi!

CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje. Wimbo wa mwisho ndio uko ukingoni. Msumeno umepita palepale. Ukifika wa kumi, kicheza CD kinazunguka, kinakohoa, kinanyamaza.

Wakuu, mimi ni mtu wa kulia hata kwenye tangazo la sabuni. Nilikaa siku tano najiuliza Margaret alirudi au alikufa. Nampimia mteja mabeseni, nawaza Margaret. Papa Dieudonné akiingia ofisini, badala ya kuulizia mzigo wake, anauliza, "Habari ya ule dada?"

Nikarudi kwa ayi. Ndani ya boksi moja nikakuta nakala kumi na tatu nyingine za bendi hiyo hiyo. Nikaziangalia moja moja kwenye mwanga wa taa. Zote zina pengo. Zilipangwa rundo moja, zikakatwa kwa pigo moja.

Ayi akaniona nilivyonywea, akaniambia jambo. Kwenye rundo, msumeno huwa unayumba. Mara moja moja unakata kava tu na CD inapona. Mume wake zile nzima alikuwa hauzi. Alizifunga kwenye gazeti akaziweka chini kabisa ya boksi hilo. Yeye hajawahi kulifungua hilo gazeti na hana mpango wa kulifungua. Akanipa boksi zima. Nikataka kulipa, akasema nibebe tu, lakini nisilitupe.

Nikamwahidi. Kwa Kichina changu kibovu, nikiwa nimeshika kifua.

Lilikuwa boksi zito la CD kama mia mbili. Chumbani tunalala wanne na mabegi yetu, hakuna pa kuweka hata kijiko. Nikalipeleka stoo ya ofisi. Mpango wangu ulikuwa hivi: Jumapili nikiwa off nifungue lile gazeti na Papa Dieudonné, tusikie wimbo wa kumi pamoja, halafu boksi liingie kwenye kontena la Jumatatu liende Tanga, likaanzishe redio yangu. Mzee Shaibu alikubali, akasema kukiwa na upenyo litaingia bure.

Sheria ya stoo yetu, boksi lisiloandikwa haliingii. Nikachukua marker pen yangu, nikaandika, nikaingiza na kwenye packing list. Nikasukuma ndani.

Ijumaa Mzee Shaibu akanituma Pazhou, kule kwenye kumbi za maonesho makubwa, nikamtafsirie mteja wa majokofu siku tatu, na Jumapili yangu ikaenda humo. Nikaenda nikiwa na kicheza CD changu, nasikiliza nyimbo tisa.

Jumatatu naingia stoo, peupe. Kontena lililetwa mapema, Jumamosi. Limepakiwa, limefungwa, limeondoka.

Nikafurahi, nikajua boksi langu liko njiani, nitalifungulia Tanga. Nikamuuliza mpakiaji mmoja wa Kichina limewekwa upande gani. Akanionyesha mlangoni, kwa mkono ule wa kusema lilitoka. Kontena lilijaa. Mzee wa taka na guta lake alikuwa anapita kuchukua makaratasi. Wakampa.

Wakuu, nilipanda ngazi sikumbuki hata kama nilizikanyaga.

Ofisini kuna wateja sita, na Papa Dieudonné yumo. Mimi huwa namwamkia Mzee Shaibu kwa adabu zote. Siku hiyo sikumwamkia. Nilimwambia mbele ya watu kwamba hana roho. Kwamba wanaokata muziki kwa msumeno na yeye ni ukoo mmoja. Kwamba amepakia mabeseni na mafeni ya watu akatupa kazi ya maisha ya watu watano, na kumbukumbu ya mume wa mtu. Nikamwambia hata watu wa stoo kule Ulaya walikata tu, yeye katupa kabisa.

Hakunikatiza. Aliniacha nikaishiwa pumzi. Akavuta packing list mezani, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma kimya.

"Soma tusikie. Umesema mbele ya watu, soma mbele ya watu."

Nikasoma. "Plastiki. Boksi moja. Haina thamani ya kibiashara."

"Mwandiko wa nani huo?"

Ofisi yetu, na si sisi peke yetu, tuna mazoea mabaya ya kuupa mzigo jina jepesi. Viatu vya ngozi vinaandikwa sandali. Simu zinaandikwa vifaa. Ili forodha wasiulize sana. Nimeandika majina mepesi miaka mitatu mpaka mkono unaandika wenyewe. CD nilijua zingeulizwa maswali. Kwa hiyo kwenye boksi nilitia herufi za Kichina ninazozijua vizuri kuliko zote, suliao, plastiki, na kwenye karatasi nikaongeza kwamba haina thamani. Sikufikiri hata sekunde.

Na kila mpakiaji anajua kontena likijaa nini kinatoka kwanza.

"Mimi nilisimama mlangoni," Mzee Shaibu akasema, "wakaniuliza kitolewe kipi. Nikatoa kile ambacho karani wangu aliandika hakina thamani. Ungeandika muziki, ningetoa beseni."

Nilikaa chini palepale. Nilikuwa na maneno mengi tumboni na yote yalikuwa yananihusu mimi. Papa Dieudonné alivua kofia akaishika, kama yuko msibani.

Kisha akasema, "Twende. Ule mzee wa taka anakaa wapi?"

Mpakiaji alipajua. Tukachukua teksi, mwendo mrefu, mpaka kwenye yadi moja ya makaratasi na chupa. Mzee mwenyewe tukamkuta anafunga mabando ya karatasi kwa kamba. Nikamweleza. Akakumbuka. CD zilikwenda na gunia zima Jumapili kwenye mashine ya kusaga. Alifanya hivi kwa vidole, kama mtu anayenyunyiza chumvi.

Nililia, sifichi. Yule mzee akafadhaika, akaniletea maji ya moto kwenye glasi, huku maji ya moto ndiyo dawa ya kila kitu.

Nikainua uso ninywe. Nikaona kitu kinameta.

Nyuma ya yadi ana bustani yake ya mboga ndani ya maboksi meupe ya foam, yale ya samaki. Juu ya mboga amefunga kamba, na kwenye kamba zinaning'inia CD kama saba, zinazunguka kwa upepo. Za kufukuzia ndege.

Nikasogea. Sita zina mapengo, zinayumbayumba. Ya katikati haina pengo. Inazunguka vizuri, duara kamili, inatupa mwanga mpaka ukutani.

Mzee akafurahi kuona nimeiona. Akaeleza kwamba ile aliikuta ndani ya gazeti, na akaichagua kwa sababu nzima ndiyo inazunguka vizuri. Nyingine za kwenye gazeti hazikumvutia, zilikwenda na gunia.

Niliishika ikaacha kuzunguka. Wakuu, nilisoma yale maandishi mara tatu. The Orchard Clerks.

Uzi umepita kwenye tundu lake la katikati, kwa hiyo hakuitoboa. Ina mikwaruzo na kinyesi cha ndege mmoja jasiri. Nikaifuta na kanga yangu. Nikatoa ile ya pengo kwenye kicheza CD, nikampa mzee, tukaifunga pale katikati badala yake. Inayumba lakini atavumilia. Hakutaka kitu kingine.

Nikabonyeza mpaka wimbo wa kumi. Sikio moja la earphone mimi, lingine Papa Dieudonné. Tumesimama kwenye mboga.

Uliimba.

Hakuna fidla. Ile clavecin peke yake, na yule kijana. Ni mfupi, nimeurudia mara nyingi nikaandika maneno pembeni ili nisiwadanganye. Anasema ofisi imehamia jengo jipya. Lifti ni ndogo, vitu vingi vimeachwa chini kwenye mvua, mafaili, saa ya ukutani, hata meza ya meneja. Margaret hawajui aliko mpaka leo. Lakini kiti chake wamekuja nacho. Wamekiweka dirishani.

Basi. Umeisha.

Papa Dieudonné akatoa earphone sikioni, akasema polepole, "Bale batu balihama, na kiti ya mtu asiyekuwako bakapakia."

Niliumia, wakuu. Makarani watano wasio na jina, kwenye lifti ndogo, walipata nafasi ya kupakia kiti kitupu. Mimi karani wa cargo, kazi yangu ni kupakia, nilikuwa na kontena zima. Nilisema wametupwa mara mbili. Ya tatu niliandika mimi, kwa marker pen, kwa mwandiko mzuri.

Kwa ayi nilikwenda jana, nikamweleza kila kitu bila jina jepesi. Akageuka kupanga kamba zake za viatu. Nilipoanza kuondoka akaniuliza, ile iliyopona inaimba vizuri? Nikampa earphone. Amesikiliza wimbo wa kumi mara mbili, haelewi Kiingereza hata neno. Akanirudishia, akafuta kicheza CD kwa kitambaa kabla ya kunipa.

Mzee Shaibu nimemwomba radhi mbele ya wateja, wale waliokuwepo na wasiokuwepo. Na nimemwambia kuanzia sasa mkono wangu hauandiki jina jepesi. Mzigo ni viatu, nitaandika viatu. Amenitazama, akasema nitamfukuzia wateja, halafu akanisukumia marker pen mpya. Tutaona nani atachoka kwanza.

Bado nina hasira. Na waliokata, na wasionunua, na wanaocheka kwamba nasikiliza muziki wa wafalme walioshiba. Lakini nimejifunza kwamba kitu kizuri hakitupwi na mtu mbaya peke yake. Kinatupwa na mtu anayekipenda kabisa, ila ana haraka na amezoea.

Ile CD nimeiwekea kava. Nimeandika juu: MUZIKI. WATU WATANO NA MARGARET. Inakuja Tanga kwenye begi langu la mkononi, siyo kwenye kontena.

Sasa zamu yenu. Nani ana Orchard Clerks nyingine popote duniani ajitokeze, hata yenye pengo. Na kama wewe pia uliwahi kukiandika kitu chako hakina thamani kisha ukakitafuta, kitaje hapa kwa jina lake kamili. Mliokuja kunitukana kuhusu forodha, karibuni pia, nimeshajitukana ila nafasi ipo.